Kushuka Baray kwa Kufuata Maji

Magari mengi ya watalii yanayopita Karatu mjini hukaza mwendo kuelekea lango la Ngorongoro. Mimi naishika barabara inayochepuka kushoto, ya Oldeani na Mang'ola, kwa sababu inazunguka milima ileile na kushuka upande ambao watu wachache huutazama. Huko chini ndiko iliko kata ya Baray, katika tarafa ya Eyasi, wilaya ya Karatu, wilaya iliyozaliwa mwaka 1995 baada ya kumegwa kutoka Mbulu. Kahawa ya Oldeani inabaki nyuma, udongo mwekundu unapauka, migunga na mibuyu inaanza kujitokeza, na joto linaongezeka kadiri njia inavyoteremka. Karatu iko kama meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Eyasi kama meta 1,030. Mteremko huo wa mwendo wa kilomita zipatazo 50 unaeleza mambo mengi ya Baray kuliko masimulizi yote yaliyokwisha kuandikwa juu ya makabila yake. Bonde hili linapaswa kusomwa kwa maji yake. Wageni wamezoea kulisoma kwa kukadiria nani ni mtu wa zamani na nani ni mtu wa leo, na usomaji huo umewaumiza wenyeji.

Pepo za Bahari ya Hindi hugonga ukuta wa Ngorongoro upande wa mashariki. Mawingu humwaga mvua na ukungu juu ya msitu, yakavuka upande wa Eyasi yakiwa yamekwisha kupungukiwa. Atakayetazama anga peke yake atasema hapa si mahali pa kulima. Lakini mvua inayonyesha juu ya mlima Oldeani, wenye zaidi ya meta 3,000, haiishii kwenye mizizi ya miti. Sehemu yake huzama katika mwamba wa volkeno wenye nyufa, ikasafiri chini kwa chini, ikaibuka tambarare kuwa chemchemi. Chemchemi za Qangdend ni za namna hiyo. Maji hutoka maangavu chini ya miti mikubwa, na si mbali na jicho lake huingia mfereji mkuu, kisha mifereji midogo, kisha majaruba ya vitunguu. Hapo kibarua hubomoa tuta la udongo kwa pigo moja la jembe, akasubiri jaruba lijae, akaliziba na kufungua la pili. Pigo lile la jembe ndilo linaloamua nani wa chini atapata maji leo na nani atangoja. Mpaka wa Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, huonekana kwenye ramani kama ukuta kati ya wanyama na wakulima. Maji hayaujui ukuta huo, kwa hiyo anayekata mti juu ya mlima anagusa kitunguu cha huku chini.

Watu wa bonde wanazungumza lugha zisizo na undugu wa karibu. Kiiraqw ni cha Wakushi, Kidatoga ni cha Wanilo, Kinyisanzu ni cha Wabantu, na Kihadza, chenye sauti za kidoko, hakijapatiwa ndugu anayekubaliwa na wataalamu wa lugha. Wahadzabe wenyewe hawazidi sana elfu moja, na kwa kuwa baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuokota ubuyu, wamepachikwa sifa ya kuwa mabaki ya enzi za mawe. Sifa hiyo ilipata nguvu Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alipookota vipande vya mafuvu ya kale kandokando ya ziwa katika miaka ya 1930. Ikawa rahisi kwa msafiri kuunganisha fuvu lile na mwindaji anayemwona leo. Muunganisho huo ni wa kivivu, na ushahidi wa kuukataa uko palepale. Katika pango la Mumba, karibu na ziwa, tabaka za chini zina zana za mawe zenye umri wa zaidi ya miaka 100,000. Juu yake zimo shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na juu zaidi vyungu na dalili za chuma. Wafugaji na wahunzi walifika hapa zamani, na tangu wakati huo hakuna aliyeishi peke yake.

Mpaka leo ubadilishanaji kati ya majirani hawa unaonekana kwa macho. Mhunzi wa Kidatoga huketi chini huku msaidizi wake akipuliza makaa kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Kitasa kibovu na koki ya bomba huyeyushwa, vikamiminwa kwenye kalibu kuwa bangili. Msumari mrefu hufuliwa mpaka uwe chembe ya mshale, na Mhadzabe huipata chembe ile kwa asali au kwa fedha. Mshale wake ni wa karne hii sawasawa na kitunguu cha jirani yake.

Basi kinachombana Mhadzabe ni nini? Tangu miaka ya 1960 serikali imejaribu mara kadhaa kuwakusanya vijijini wawe wakulima, kwa imani kwamba walichelewa na wanahitaji kusukumwa mbele. Wengi walirudi porini, kwa kuwa chakula wanachokijua kiko huko. Shida yao ni pori linalopungua na maji yanayozungukwa na mashamba. Mnyama asipopata pa kunywa harudi tena, na mwindaji hutembea mbali zaidi kwa nyama kidogo zaidi. Mfugaji wa Kidatoga naye hukuta njia ya ng'ombe kuelekea kisimani imelimwa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu, walipata hati ya kimila ya ardhi yao, na hapo ilionekana kwamba sheria ikitaka inaweza kumlinda mwindaji bila kumgeuza mkulima. Hati ile ilihusu ardhi ya Yaeda. Maji yanayogawanywa Baray haikuyagusa.

Mkulima atanijibu, na ana haki ya kunijibu, kwamba vitunguu vya bonde hili vinalisha Arusha na hata Nairobi, kwamba vimesomesha watoto na kujenga nyumba za bati, na kwamba watu maelfu hawawezi kuacha kulima kwa ajili ya watu wachache. Sina ubishi na jasho lake. Mkulima huyu huyu mara nyingi hunyonywa na dalali anayedai lumbesa, gunia lililofurikia mpaka juu, na analipa kibarua, mbegu na mafuta ya mashine ya kuvuta maji kabla ya kuona senti. Nani amemwambia aache kulima? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji ya mazingira, ndipo shughuli nyingine zifuate. Umwagiliaji uko katika hizo nyingine. Utaratibu huo unamlinda mkulima aliye mwisho wa mfereji kama unavyomlinda mwindaji, kwa kuwa mashine nyingi zikiwekwa juu, wa kwanza kukauka ni mkulima mdogo wa chini.

Wapo pia wanaosema utalii umewapa Wahadzabe thamani mpya. Umewapa fedha, hilo kweli. Lakini mgeni analipa ili aone uwindaji wa alfajiri, na uwindaji bila wanyama utabaki maonyesho. Fedha ya kiingilio hairudishi swala mahali ambapo kisima kimezibwa na tuta la kitunguu.

Safari inaishia Eyasi, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Kinacholiingia, kutoka mto Sibiti kusini na mito ya Ngorongoro kaskazini, hubaki na kukaushwa na jua, chumvi ikarundikana. Mvua zikiwa nzuri, wavuvi na heroe huja; ukame ukikaza, panabaki uwanja mweupe. Kwa hiyo Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, yenye makao Singida, inapopanga vibali vya kiangazi, isipime maji kwenye jicho la chemchemi peke yake. Ipime pia mwisho wa mfereji na kwenye mto chini ya mashamba, mwezi wa tisa na wa kumi, wakati kila jaruba linadai maji, na Wahadzabe na Wadatoga wawe na wajumbe wenye kura katika jumuiya za watumia maji zinazogawana zamu.