Usimalize Fedha Zote kwa Msumeno

Ndugu msomaji, ukijaliwa fedha za kununua msumeno wa mnyororo, ndio chenso, usizimalize zote dukani kwa msumeno peke yake. Mimi nilizimaliza. Fedha ya oili sikubakiza, nikatia petroli tupu. Siku ya pili injini ikanoki, kama wasemavyo mafundi. Na fedha ile ilikuwa ya ng'ombe wawili wa mama. (Karani mzima, nimesoma chuo cha ualimu, lakini kitabu cha msumeno sikukifungua!)

Injini hiyo hulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli. Nyingi hutaka mililita 100 katika lita 5. Wewe soma kitabu cha msumeno wako. Oili ya mnyororo ni nyingine, na tangi lake ni jingine.

Nunua pia tupa ya mviringo inayolingana na meno. Msumeno mkali hutoa vipande. Ukianza kutoa unga, zima, unoe, usiukandamize. Tena ncha ya lile bamba la chuma isiguse gogo, maana msumeno huruka ukakujia usoni. Kofia ngumu, miwani na buti uvae, hata majirani wakicheka.

Mama angali akiniuliza habari za ng'ombe wake.