Hodhi la Baba Mkubwa

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamekwisha kuona hodhi la samaki wa maji baridi, wale wekundu wenye mikia mirefu. Hodhi nitakalolieleza ni la maji ya chumvi, na samaki wake ni mmoja tu. Wenyeji hasa wa humo ni matumbawe. Liko sebuleni kwa baba yangu mkubwa, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Lumumba, na dirishani pake huonekana viwanja vya Mnazi Mmoja vyote. Ujazo wake ni lita 90, yaani ndoo nne na nusu.

Tumbawe watu hulidhani jiwe. Si ajabu, kwa kuwa majumba ya kale ya Kilwa na Unguja yamejengwa kwa mawe yake. Lakini kwa hakika ni mnyama, au tuseme ni kijiji cha wanyama wadogo walioshikana, kila mmoja ana kinywa na vikono vya kukizunguka. Ndani ya nyama yao hukaa mimea midogo isiyoonekana kwa macho, nayo huwapikia chakula kwa nguvu ya mwanga. Matumbawe magumu hujijengea mfupa wa chokaa. Yale laini hayana mfupa kama huo, ila yana vijiti vidogo sana vya chokaa vilivyotawanyika mwilini, ndiyo maana huyumba maji yanapopita.

Baba mkubwa, ambaye alikuwa fundi wa mitambo melini mpaka alipostaafu, ana matumbawe matatu. Moja ni laini, Sarcophyton, nasi twaliita Uyoga. Mawili ni magumu: Acropora, tunaloliita Pembe, na Galaxea, tunaloliita Nyota. Hakuyachukua Bongoyo wala Mbudya. Visiwa vile na miamba yake vimehifadhiwa tangu 1975, na yeye husema kuwa miamba iliyokwisha kupigwa baruti na wavuvi haihitaji mwizi mwingine. Yake yalioteshwa katika mahodhi huko Ulaya, kwa kukatwa vipande na kupandikizwa kama pingili za muhogo, yakaja kwa ndege pamoja na kibali. Matumbawe magumu hayavuki mpaka hivi hivi tu. Yamo katika mkataba wa CITES uliotiwa sahihi mwaka 1973.

Basi, taabu ni kuyaweka pamoja. Mchana yote huonekana mapole kama maua. Usiku, taa ikizimwa, Nyota hutoa nyuzi nyembamba zenye sumu, ndefu kuliko kidole changu, akapapasa huku na huku. Jirani atakayeguswa huungua. Uyoga hana nyuzi za namna hiyo, lakini silaha yake ni mbaya zaidi, maana hutoa sumu ndani ya maji yenyewe. Baharini sumu hiyo huchukuliwa na mkondo ikapotea. Katika ndoo nne na nusu itakwenda wapi?

Kwa ajili ya Nyota, baba mkubwa ameacha mchanga mtupu, upana wa shibiri moja, kati yake na wenzake. Mahali hapo hupaita Mnazi Mmoja, na kila mgeni lazima aelezwe kichekesho hicho. Asiyejua na ajue kuwa uwanja wetu uliachwa wazi na watawala wa kikoloni kusudi Kariakoo ya Waafrika itengane na upande wa Wahindi na Wazungu. Mimi nilimwambia kwa heshima kwamba mfano wake haunipendezi. Nyota na Pembe wakigusana mmoja atakufa. Hiyo ni tabia yao. Sisi tulitengwa kwa amri, na watu waliukata uwanja huo kwa miguu kila asubuhi kwenda kazini, wala hapana aliyeungua. Alicheka, akasema kuwa shule inanifundisha kujibu. Jina hakulibadili.

Likizo ya Desemba iliyopita nilipofika nilikuta Pembe anaumwa. Nyama ilikuwa imebanduka kuanzia shinani, mfupa mweupe unaonekana. Usiku tulimulika kwa tochi nyekundu saa baada ya saa, tukaona nyuzi za Nyota zinaishia mchangani, hazimfikii. Kwa hiyo adui hakuwa wa kugusa. Uyoga naye alikuwa amejikunja, anavua ngozi yake ya juu kama afanyavyo mara kwa mara. Rafiki mmoja wa baba mkubwa alimshauri amtupe. Mama mkubwa, ambaye ndiye mwenye kuhesabu gharama za umeme, alishauri vitupwe vyote. Baba mkubwa akaomba wiki tatu.

Tuliweka mkaa katika chujio, si mkaa wa jikoni bali ule uliotengenezwa kwa kuchujia, kwa kuwa hunasa sumu ile. Kila Jumamosi tulitoa lita tisa za maji na kutia mapya, gramu 35 za chumvi ya hodhi kwa kila lita. Maji yanayokauka kwa joto hurudishwa bila chumvi, maana chumvi haikauki, hubaki humo humo.

Katika wiki ya pili umeme ulikatika saa tatu ya usiku. Pampu ikasimama. Usiku ile mimea midogo haitengenezi hewa, na maji yaliyotulia hupungukiwa upesi. Joto nalo lilikuwa limefika sentigredi 29, na sisi twataka 26. Joto si jambo la mzaha: mwaka 1998 bahari ilipopata moto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Afrika Mashariki yaligeuka meupe yakafa. Tulielea chupa za barafu juu ya maji, tukashika kata kwa zamu, mimi, baba mkubwa na mdogo wangu, binti yake wa darasa la sita, tunachota na kumimina kutoka juu ili maji yapate hewa. Mama mkubwa alisema kwamba hajapata kuona watu wazima wanaoyapepea mawe. Saa tisa alishika kata mwenyewe. Umeme ulirudi alfajiri, saa kumi na moja.

Nilipoondoka Januari, nyama ya Pembe ilikuwa imeacha kubanduka. Ile sehemu nyeupe haikupona, imeota mwani, lakini juu palikuwa na ncha mpya tatu. Siku ya wazazi mdogo wangu aliniletea daftari la hodhi. Ameandika kwamba Uyoga alijifunga siku nne, akavua ngozi, wakabadili mkaa siku hiyo hiyo. Ncha za Pembe sasa ni tano. Nyota amekua, na mchanga ule umebaki nusu shibiri, kwa hiyo mojawapo ya mawe itabidi lihamishwe. Anauliza lipi.