Ringo Aliporuka Kolwezi

Mjukuu wangu alinikuta nikiangalia filamu kwenye simu yake. Akasimama nyuma yangu kidogo, kisha akauliza: "Kambo, hii vita ilikuwa ya kweli ao ni ya filme tu?" Ana miaka kumi na saba, na mama yake amezaliwa Kolwezi.

Filamu ni La Légion saute sur Kolwezi, ya Raoul Coutard. Nimeangalia tarehe: Legion, wale askari wa Ufaransa, waliruka Kolwezi 19 Mei 1978, filamu ikatoka 1980. Sisi wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, tuliiona baadaye, kanda ilipofika. Mwaka gani hasa, haidhuru.

Ilitufikia kwa mzee mmoja aliyekuwa na video si mbali na uwanja wa mpira. Tulimwita Patron. Alikuwa mtu wa reli, wa SNCZ, tena shabiki wa Lupopo aliyeishi katikati ya watu wa Mazembe, na hilo peke yake lilitosha kumfundisha ubishi. Tulilipa mlangoni, tukabanana kwenye mabenchi, tukangoja, kwa sababu Patron hakuweka kanda bila kusafisha mashine. Alifungua kifuniko, akachovya pamba kwenye lutuku, pombe yetu kali, akapangusa ndani taratibu kama mtu anayesafisha sikio la mtoto. Lutuku iliyobaki haikurudi kwenye chupa. Nje mke wake alikuwa anakaanga vitumbula, moshi wa makala ukaingia dirishani, na chumba kizima kikawa pombe, mafuta na jasho. Mpaka leo nikipita penye lutuku, naona kama picha zinakaribia kuanza.

Kifaransa chetu kilikuwa cha darasani. Patron alisimama kando ya televisheni, fimbo mkononi, akatueleza kila kitu. Giuliano Gemma alipotokea na sare ya jeshi, chumba kikalipuka: "Ringo!" Tulimjua kutoka filamu za cowboy. Patron akasema, "Ndiyo, Ringo ameuza farasi, ameingia jeshi," na kuanzia hapo hakuna aliyemwita kwa jina lingine.

Kisha ikaja miti. Coutard alipiga filamu yake Guyane ya Wafaransa, nchi ya mvua na msitu. Patron alikuwa amepita Likasi na Tenke mpaka Kolwezi kwa treni miaka mingi. Akasimamisha kanda, akagonga kioo kwa fimbo. "Bana, muangalie hii kijani. Kolwezi gani hii?" Mwezi wa tano kwetu mvua imekwisha, nyasi zimeanza kukauka, vichuguu vinaonekana toka mbali. Alipoachilia kanda iendelee, akawa anatia maneno yake mahali filamu iliponyamaza: watu wa Gécamines, kampuni ya madini, waliolala chini ya vitanda, akina mama waliotembea porini na watoto mgongoni. Habari hizo alizipata kwa abiria wake.

Sasa nimeitazama tena, peke yangu, bila fimbo ya Patron. Coutard, aliyewahi kupiga picha za vita Indochine kabla ya kuwa mpiga picha wa Godard, anajua kuruka kunavyokuwa: msongamano ndani ya ndege, mikanda, nyuso za vijana wanaojifanya hawaogopi. Hakuna muziki unaoweza kuiharibu sehemu hiyo. Na zile sehemu za ofisini, Jacques Perrin akiwa balozi Kinshasa, simu juu ya simu, ambazo utotoni tulizipigia miluzi, ndizo nzuri kupita zote. Unaona watu wanakufa huku wakubwa wakitafuta nani atie sahihi.

Lakini waasi walioteka mji hawana mama, hawana kijiji, hawana hata sababu. Wanatoka porini wakipiga kelele, wanarudi porini. Hao walikuwa Bakatanga waliotoka Angola, wengine wana ndugu hapa hapa Kamalondo. Mzungu kwenye filamu hii ana mke, ana kazi, ana woga wake. Mweusi ana bunduki, au ana maiti yake. Patron alikuwa amejaza hilo shimo kwa mdomo, ndiyo maana hatukuliona.

Baadaye zikaja DVD, zikaja filamu za Wanaijeria, video ya Patron ikafa, yeye mwenyewe akafa, na chumba kile sasa kinauza yuniti za simu. Vijana wanatazama kila mmoja na kioo chake, wanarukisha kwa kidole wanapochoka, na hakuna wa kuwaambia kwamba mti huo si wetu.

Likasi, iliyoitwa Jadotville zamani, nayo imepata filamu yake, The Siege of Jadotville, 2016. Mapigano mazuri, yamepangwa kwa akili kuliko ya Coutard, na Tshombe, kiongozi wa Katanga wakati huo, anaonekana angalau dakika chache. Walikwenda kuipiga Afrika Kusini. Kutoka hapa mpaka Likasi ni kilomita 120 hivi, barabara ya lami.