Bahari ya Washairi Weusi

Ubishi wetu ulianzia kwenye soneti. Mwenzangu, mtoto wa Lamu aliyelelewa na tenzi, alikuwa akimsoma mshairi Mweusi Claude McKay. Akafunga kitabu. "Ndugu yangu, hapa weusi uko wapi? Mistari kumi na minne, vina vya Kiingereza. Wasemao kuna ushairi wa watu Weusi watuambie ni bahari gani hiyo isiyo na mizani yake."

Ilikuwa Chicago, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jumamosi tulipanda basi hadi maktaba ya Carter G. Woodson, kusini mwa mji, ilikohamishiwa mwaka 1975 hazina ya vitabu iliyoanzishwa na mkutubi Vivian Harsh. Nje upepo ulikata masikio; ndani makoti yalitoa harufu ya sufu mbichi, na wazee wa mtaa walisoma magazeti ya zamani kwa kunong'ona.

Mwenzangu hakukosa mashahidi. Mwaka 1966, kwenye mkutano wa waandishi katika Chuo Kikuu cha Fisk, Robert Hayden alikataa kuitwa mshairi Mweusi. Alitaka apimwe kama mshairi, basi. Vijana wakamshambulia vikali. Mwaka uliofuata, papo hapo Fisk, mshairi Gwendolyn Brooks aliwasikiliza vijana wa namna hiyo, wakamvuta upande wao. Na huyu soneti alizimudu, na Pulitzer alikuwa nayo tangu 1950, Mweusi wa kwanza kuipata! Baadaye alimwacha mchapishaji wake mkubwa wa New York, tungo zake akazipeleka Broadside Press, shirika dogo la Dudley Randall mjini Detroit.

Nilimjibu kwa Utendi wa Tambuka. Kisa ni cha vita vya Waarabu na Kaizari Herekali, hati ni ya Kiarabu, na ulitungwa Pate, 1728. Nani kwao Lamu aliyewahi kuuita ushairi wa Kiarabu? Umbo huazimwa. Tena si kila umbo washairi Weusi waliliazima: Langston Hughes aliitwaa bluzi, mstari ukaimbwa, ukarudiwa, wa tatu ukajibu, na bluzi ni zao la watu wake.

Kilichonikatia shauri hasa ni usiku mmoja kwenye ukumbi wa kanisa. Dada mmoja alisoma soneti yake, na waliokaa wakamwitikia mstari kwa mstari, kama wanavyomwitikia mhubiri. Alikuwa akiwasubiri. Mapumziko yale aliyatunga makusudi, ndani ya shairi. Hapo nilisadiki kwamba bahari ipo, na mipaka yake inachorwa na wanaoitikia.

"Na Hayden tumtoe?" mwenzangu aliuliza tukirudi.

Hata kidogo. Katika Middle Passage, utungo wake kuhusu meli za watumwa, wanaosema zaidi ni mabaharia na wafanyabiashara wa watumwa. Hivyo msomaji mwenyewe analazimika kuwasikia waliofungwa chini ya sitaha. Jina alilikataa, na haki hiyo alikuwa nayo. Shairi lake nililiweka ndani.