Nilipoanza kutazama ukubwa wa plaketi

Karatasi ya majibu ya damu hapa Goma husomwa haraka: hemoglobini, chembe nyeupe, plaketi, basi. Chini kabisa kuna namba ambayo kwa miaka mingi hakuna daktari aliyeniuliza habari zake: wastani wa ukubwa wa plaketi, unaopimwa kwa femtolita. Leo, plaketi zikiwa chache, mimi fundi wa maabara naitafuta namba hiyo kabla ya nyingine zote.

Plaketi ndizo zinazoziba mshipa unapochanika. Mtu mzima mwenye afya ana takriban 150,000 hadi 400,000 katika kila mikrolita ya damu. Huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa na kuishi siku 7 hadi 10 hivi. Zikipungua, jambo la kwanza kujua ni kama uboho umeshindwa kuzitengeneza, au zinatoka vizuri kisha zinaharibiwa zikiwa ndani ya damu. Uboho mzima ukiona zinaisha, hutoa mpya kwa haraka, na hizo changa kwa kawaida huwa kubwa. Uboho uliochoka au uliovamiwa na saratani hauna cha kuharakisha. Plaketi huwa chache, na ukubwa wake mara nyingi ni wa kawaida au mdogo.

Aliyenibadilisha ni binti wa shule kutoka Majengo. Alikuwa na vidoa vyekundu miguuni, vile ambavyo ukivibonyeza havififii, na fizi zake zilitoka damu. Plaketi zilikuwa 11,000. Mtaani walikwisha kumwambia mama yake kwamba ni saratani ya damu. Mashine haikutoa ukubwa, iliweka nyota tu: plaketi zikiwa chache mno au kubwa kupita kiasi, hushindwa kuzitenganisha na chembe nyingine. Daktari wa zamu akashuka mwenyewe labo. "Dada, tupakie kioo, tuzione kwa macho."

Nikapaka damu, nikatia rangi ya Giemsa, tukatazama kwa lenzi ya mafuta. Plaketi zilionekana mojamoja, mbalimbali, lakini zilikuwa kubwa; nyingine zilikaribia kulingana na chembe nyekundu zilizokuwa kando yake. Chembe nyeupe zilikuwa salama. Daktari akamweleza mama kwamba huenda kinga ya mtoto ndiyo inayoshambulia plaketi zake, hali inayoweza kuwapata watoto baada ya mafua, na wengi wao hupona. Mama akaketi chini palepale kwenye korido, akalia.

Kuchoma mfupa ili kutoa uboho si kipimo kinachopatikana kila hospitali ya Kivu, na mgonjwa anayetoka damu hasafirishwi ovyo. Kioo, rangi na hadubini tunavyo. Kwa hiyo naona ni vibaya sana dalili iliyo mbele yetu iachwe bila kusomwa.

Lakini ukubwa peke yake hauhukumu. Malaria, ambayo kwetu ndiyo ya kufikiriwa kwanza, hushusha plaketi na mara nyingi huzifanya ziwe kubwa. Kwa hiyo kipimo cha malaria hutangulia. Wengu uliovimba nao huzishikilia plaketi. Kuna pia wanaozaliwa na plaketi kubwa mno, ugonjwa ulioelezwa Ufaransa mwaka 1948 na Jean Bernard na Jean-Pierre Soulier. Mtu wa namna hiyo akitibiwa kana kwamba ni kinga inayomshambulia, atameza dawa kali bure.

Halafu kuna mrija wenyewe. Dawa ya EDTA iliyo ndani ya mrija wa kizibo cha zambarau huzuia damu kuganda, lakini plaketi huvimba ndani yake kadiri saa zinavyopita. Kwa watu wengine hata hushikamana, mashine ikazihesabu kuwa chache wakati zipo tele. Umeme ukikatika na damu ikasubiri jenereta, namba ya ukubwa haiaminiki tena. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na umeme na maji vikakatika, hadubini yenye kioo cha kuelekeza mwanga wa jua ndiyo iliyotusaidia kusoma vioo.

Sasa siandiki ukubwa wa plaketi bila saa ya kutolewa damu. Mrija ukija bila saa, nampigia simu muuguzi. Na plaketi zikiwa chini ya 100,000, napaka kioo hata kama daktari hakuomba, kisha naandika kwa kalamu pembeni mwa karatasi: kubwa, ndogo, au zimeshikamana.