Mungu Wangu Eh!

Wenzangu katika kijitabu hiki wanaandika juu ya mukanda, ndoa na matanga. Mimi naandika juu ya kitu kidogo kisicho na siku yake wala mavazi yake: lile neno linalotutoka mdomoni kabla hatujafikiri. Sufuria ya bukari inapinduka: "Mungu wangu eh!" Radi inapiga karibu na nyumba: "Yezu!" Mtu wa baiskeli kwenye njia ya Kasaji, na mifuko ya muhogo nyuma yake, anasikia breki zinakatika mteremkoni: "Nzamb!"

Nzamb ndiye Mungu katika Uruund, lugha ya Walunda wetu. Jirani zetu Wachokwe wanasema Nzambi, ao Kalunga. Hapa Sandoa tunachanganya. Nimeangalia sana jambo hili: kwa shida ndogo watu wanaita kwa Kiswahili, lakini maumivu yakizidi wanarudia lugha ya mama. Wamisionere Wametodisti walioanza kazi Kapanga katika miaka ya 1910 hawakutuletea jina jipya. Walilikuta jina Nzamb kwa wakubwa wetu, wakaliingiza katika mahubiri. (Kuna pia wanaoliita kwa kila bao la mpira. Hao siwatetei sana.)

Nilipokuwa mtoto, mwalimu wa dini alitufundisha kwamba kulia hivyo ni kutaja jina la Mungu bure, na ni kuvunja amri ya pili. Watoto wa Kimetodisti walisema ni ya tatu, tukagombana juu ya hesabu kuliko juu ya dhambi yenyewe. Nilirudi nyumbani nikamkataza kambo, mama ya mama yangu. Alikuwa akimenya muhogo. Akaniuliza:

"Nyoka akikuuma, utatafuta kwanza viatu?"

Kisha akanieleza habari ya vita. Mwezi wa tatu mwaka 1977, askari wa FNLC walitoka Angola wakaingia katika sehemu zetu, na watu wengi wakakimbilia porini. Kambo alikuwa na mtoto wa homa mgongoni. Usiku mmoja askari walipita karibu na pale walipojificha, na hakujua ni wa upande gani. Kulia hakuweza. Aliuma kikwembe chake, akawa anamwita Nzamb ndani ya kile kitambaa, kila pumzi mara moja, mpaka kukacha. Mtoto alikufa siku ya tatu.

Nikamwuliza kama basi Nzamb hakusikia.

"Alisikia," akasema. "Nani mwingine alinisikia ile usiku?"

Niliyasahau maneno yale. Nikapata diploma yangu ya ISP, nikawa mwalimu, nikaanza mimi mwenyewe kuwakemea wanafunzi kama nilivyokemewa. Tarehe 27 Juni 2019 mgodi mmoja karibu na Kolwezi ulibomoka, ukaua zaidi ya wachimbaji 30, wale tunaowaita "creuseurs". Kesho yake msichana mmoja wa darasa langu alipokea simu katika kiwanja cha shule, akaanza kupiga kelele: "Nzamb! Nzamb eh!" Mimi, bila kuuliza kitu, nikamwambia mbele ya wenzake: "Hapa ni masomo, hapana soko. Usitaje jina la Mungu bure."

Aliniangalia. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Mwalimu, haiko matusi," akasema. "Niko namuita."

Kaka yake alikuwa akichimba kule, na tangu jana simu yake haikuita tena.

Nilikwenda kukaa katika ofisi ya walimu. Daftari za mitihani zilikuwa mbele yangu, sikusahihisha hata moja. Nilikuwa na muhogo wa kambo kichwani, na kisu chake, na sauti yake.

Siku mbili nyuma tukapata habari kwamba kaka yuko mzima. Siku ile alikuwa katika shimo lingine, na simu yake ilikosa umeme. Msichana alisikia habari hiyo akiwa mlangoni pa darasa. Akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, na uniforme yake nyeupe, akalia tena. Neno lilikuwa lile lile: "Nzamb eh! Nzamb!" Safari hii nilinyamaza.

Juma lile mwaka wa masomo ulifungwa, na jamaa yake ikahamia Kolwezi. Samahani yangu ningali nayo.