Usijimiminie Mwenyewe



Wiki hii napenda tutafakari pamoja juu ya jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi yenu, nalo ni sherehe ya pombe. Sisemi hivyo kwa mzaha. Kaka yangu mkubwa alifariki kwa ulevi akiwa na umri wa miaka 41, akaacha mjane na watoto watatu. Kwa hiyo, nilipopata nafasi ya kuhudhuria sherehe ya sake mjini Saijo, nchini Japani, mwezi Oktoba 2024, nilikwenda na swali kuliko kiu: yawezekanaje jamii yenye akili timamu kuadhimisha kitu kilekile kinachobomoa nyumba za watu?

Saijo ni sehemu ya mji wa Higashi-Hiroshima, mwendo wa dakika 40 hivi kwa treni kutoka Hiroshima. Ukitoka kituoni unakaribishwa na dohani ndefu za matofali mekundu, na chini yake kuta nyeupe za viwanda saba vya sake vilivyo karibu karibu kiasi cha kuvizungukia vyote kwa miguu. Tangu mwaka 1990 mji huu hufanya sherehe ya siku mbili kila Oktoba. Katika bustani ya katikati ya mji hukusanywa aina zipatazo 1,000 za sake kutoka pande zote za Japani, na wageni huhesabiwa kwa malaki. Ngoma kubwa za taiko hupigwa, watu hucheza ngoma za asili, na wazee kwa vijana hushinda barabarani pamoja. Lakini ndani ya bustani ya kuonjea, asiyetimiza miaka 20 haruhusiwi kuingia.

Sake ni pombe ya mchele, ingawa kuipika si kazi nyepesi. Mchele hukobolewa mpaka kiini chake tu kibaki. Kwa sake ya daraja la juu iitwayo daiginjo, nusu ya punje au zaidi huondolewa. Kisha huoshwa, hulowekwa na kupikwa kwa mvuke. Sehemu yake hunyunyiziwa ukungu uitwao koji, ambao hugeuza wanga kuwa sukari, na hamira huigeuza sukari hiyo kuwa kileo. Ajabu ni kwamba kazi hizo mbili hufanyika kwa wakati mmoja katika pipa moja. Mchele, koji na maji huongezwa kwa awamu tatu katika muda wa siku nne ili hamira isizidiwe, halafu hungojewa wiki tatu au nne za baridi. Mwenye haraka hapati sake.

Saijo yenyewe ilisubiri sana. Maji ya eneo la Hiroshima kwa kawaida ni laini, yenye madini machache, na hamira haina nguvu ndani yake. Mpishi mmoja wa Akitsu, mji ambao leo ni sehemu ya Higashi-Hiroshima, aitwaye Miura Senzaburo, alihangaika kwa miaka mingi kutafuta njia, na mwaka 1898 akachapisha matokeo yake kuhusu namna ya kupika sake kwa maji laini. Angeweza kuifanya siri ya nyumba yake akatajirika peke yake. Badala yake aliwafundisha jirani zake, ambao katika biashara walikuwa washindani wake, na leo mkoa mzima unakula matunda ya ukarimu huo.

Nilijifunza zaidi mezani. Huko hupikwa chakula kiitwacho bishunabe, nyama na mboga katika chungu kimoja, vikiungwa kwa sake, chumvi na pilipili tu. Asili yake ni mlo wa wafanyakazi wa viwandani. Mzee aliyeketi mkabala nami aliichukua chupa kwa mikono miwili, akanimiminia, kisha akaiweka mbele yangu na kungoja. Ikawa zamu yangu kummiminia yeye. Ndiyo desturi: mtu hajimiminii mwenyewe. Kikombe ni kidogo, hakizidi mafunda machache, na pembeni yake huwekwa glasi ya maji, ambayo wenyeji huiita maji ya kutuliza.

Hapo nikamkumbuka babu yangu, kule kwetu mteremkoni mwa Kilimanjaro. Nikiwa mtoto niliwaona wazee wakipokezana kata ya mbege, kila mmoja kwa nafasi yake, wakati wa kuposa au wa kupatanisha ndugu waliogombana. Siku moja nikamwuliza, “Babu, mbona wote mnatumia kata moja?” Akanijibu, “Mjukuu wangu, anayekunywa peke yake ana jambo analolificha.”

Ndugu zangu, kaka yangu alianza na kata hiyohiyo, katikati ya ndugu. Mwishoni alikunywa peke yake, chumbani, mlango ukiwa umefungwa, pombe ambayo hakumjua aliyeipika. Sidai kwamba desturi nzuri ingemponya, maana ulevi ni ugonjwa nao huhitaji tiba. Najua tu kwamba siku alipoanza kujimiminia mwenyewe, sote tuliona, na hakuna aliyelizungumza.

Wala tusijidanganye kwamba Wajapani wamekwisha kulimaliza tatizo hili. Nako kuna familia zinazolia. Jioni ya sherehe niliona kijana ameketi ukingoni mwa barabara, kichwa magotini, rafiki zake wakimnywesha maji. Ndiyo maana sheria yao ni kali: anayeendesha gari akiwa amelewa aweza kufungwa hadi miaka 5 au kutozwa faini ya hadi yeni milioni moja. Tangu mwaka 2007, hata aliyempa dereva kinywaji na aliyekubali kupanda gari lake wanaadhibiwa. Sheria hiyo inasema kwa lugha ya mahakama yale babu aliyosema kwa lugha ya nyumbani: kunywa kwa mwenzako kunakuhusu.

Lipo pia jambo la huzuni nyuma ya shamrashamra. Unywaji wa sake nchini Japani ulifikia kilele mwanzoni mwa miaka ya 1970, na sasa umepungua hata chini ya theluthi moja ya kiasi hicho. Viwanda vingi vimefungwa. Januari 1, 2024, tetemeko la ardhi lilibomoa viwanda katika rasi ya Noto, na wapishi wa mikoa mingine wakawafungulia wenzao milango wakapike kwao. Desemba mwaka huohuo, UNESCO iliuingiza ujuzi wa kupika sake kwa koji katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hata hivyo, heshima ya namna hiyo hailishi mtu. Urithi huishi kwa mikono inayoupokea. Huko Akitsu kiwanda kimoja kinaongozwa na mwanamke, Imada Miho, katika kazi ambayo kwa muda mrefu wanawake walizuiwa hata kuingia mlangoni. Yeye amefufua aina ya mpunga wa zamani iliyokuwa imeachwa kulimwa. Mwacha mila ni mtumwa, tunasema. Lakini naye anayeishika mila hana budi kujua sehemu ipi ni punje na ipi ni pumba.

Basi tujiulize maswali machache wiki hii. Katika sherehe zetu za harusi, ubarikio na arusi za dhahabu, je, kreti za bia tunazozipanga ni za kuwakutanisha watu, au ni za kuonyesha uwezo wetu? Je, maji yapo mezani? Je, tunaye mtu wa kuwarudisha wageni nyumbani salama? Na je, yupo katika ukoo wetu ndugu ambaye siku hizi anajimiminia mwenyewe, nasi tunapita tukijifanya hatuoni?

Kama yupo, usimpelekee hotuba. Nenda ukaketi naye, umsikilize, na akiwa tayari umsindikize hospitali. Nenda kabla ya Jumapili ijayo.